Dawa ya Popi Haingoji Bumu

Popi hatukumnunua wala hatukumwokota. Tulimrithi. Tulipohamia geto letu la vyumba vinne nje ya chuo, hapa Morogoro, wale finalisti waliokuwa wanaondoka walituachia ndoo mbili, jiko la gesi lisilo na mtungi, na mbwa mmoja wa kienyeji, rangi ya kahawia, sikio moja limelala. Mama mwenye nyumba alisema mbwa abaki maana analinda. Tukasema sawa. Mbwa si anakula ugali na dagaa tu, kuna shida gani?

Shida ilikuja miezi saba baadaye, usiku wa kuamkia test. Popi alianguka mlangoni, akakakamaa, miguu ikaanza kupiga kama anaogelea, povu likamtoka, akajikojolea. Mmoja wetu akakimbilia kijiko amwekee mdomoni. Mwingine akavua kiatu amnusishe. Mimi nilisimama tu nimeshika daftari la takwimu. Aliyefanya kitu cha maana ni mwenzetu anayesoma uhasibu, ambaye kwa ajili ya udhu wake hamgusi Popi kabisa. Alitoa simu akaanza kuhesabu muda. Dakika moja na sekunde arobaini. Baadaye daktari wa mifugo alituambia kwamba hicho ndicho kitu pekee tulichofanya sawasawa usiku ule.

Naandika haya kwa sababu mageto mengi yana mbwa, na mbwa wa geto hana mwenyewe hasa. Wote mnampenda, ila hakuna anayewajibika. Kwa mbwa mzima hilo halionekani. Kwa mbwa mwenye kifafa na mzio kwa pamoja, kama Popi, linaweza kumuua. Mimi sisomi mifugo. Ninayoyasema nimeyapata kwa daktari wa Popi, kwa kusoma, na kwa makosa yetu wenyewe ambayo nitayataja bila aibu. Dozi sitaandika hata moja. Dozi anatoa daktari aliyempima uzito mbwa wako.

Anapoanguka

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo unaopita kati ya seli. Umeme huo ukilipuka kwa wingi bila mpangilio, mwili unafuata: misuli inakakamaa, miguu inapiga, kibofu kinaachia. Wakati huo mbwa hana fahamu, kwa hiyo hateseki kama tunavyodhani sisi tunaomtazama. Mara nyingi huchukua dakika moja au mbili, kisha huisha kwenyewe.

Kazi yako ni ndogo. Sogeza viti na ndoo, mweke mbali na ngazi na jiko, zima muziki, punguza taa. Usimkandamize. Usiweke mkono, kijiko wala kitambaa mdomoni mwake; mbwa hamezi ulimi, ila vidole vyako anaweza kuving'ata bila kujua anang'ata nini. Kiatu na kitunguu cha kunusisha havisaidii kitu. Ukiona kazinduka baada ya kunusa, ujue muda wake wa kuzinduka ulikuwa umefika. Tazama saa, na kama kuna mtu wa pili, arekodi video. Daktari hatakuwepo, na video ya nusu dakika itamwambia mengi kuliko nyie watatu mnaobishana. Wetu aliitazama video ya mara ya pili kimya, akairudia, halafu akauliza maswali ambayo hatukuyafikiria: ilianza upande gani? Macho yalikuwa wazi? Alikuwa ametoka kulala au kukimbia?

Saa ina maana yake. Zikipita dakika tano hajaacha, hiyo ni dharura, kwa sababu joto la mwili linapanda na ubongo unaanza kuumia. Ni dharura pia akianguka mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, hata kama kila mara ni fupi. Usingoje asubuhi. Piga simu, tafuta bajaji, ondokeni.

Akiamka asitegemewe kuwa Popi yule yule mara moja. Anaweza kutembea akigonga kuta, asione vizuri, awe na njaa ya ajabu, amkoromee hata anayemlisha. Inaweza kuwa dakika chache, inaweza kuwa masaa. Mpe nafasi, na usimpe maji wala chakula mpaka asimame vizuri na kumeza vizuri.

Sasa kuna jambo ambalo kwetu hapa lazima lije kabla ya kifafa chochote, nalo ni kichaa cha mbwa. Mbwa asiye na chanjo akibadilika tabia, sauti ikabadilika, akashindwa kumeza, mate yanamtiririka, kisha akaanza kuanguka, usijifanye daktari. Usimguse. Mfungie alipo na uwaite watu wa ofisi ya mifugo. Kama amekung'ata, au mate yake yameingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Ukingoja dalili zijitokeze kwako umeshachelewa. Ugonjwa huo ukianza kuonekana kwa mtu karibu haubakishi. Popi alikuwa na kadi ya chanjo, finalisti waliiacha kwenye droo na sisi tulikuwa tunaitumia kuweka alama kwenye kitabu. Daktari aliiomba kabla hata hajamgusa. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi hutolewa chanjo. Ulizia mapema.

Baada ya hapo daktari alianza kutafuta sababu nyingine. Kuna distempa, ugonjwa wa virusi unaoweza kuanza kama mafua na kuishia kwenye ubongo. Kuna sumu za wadudu na za panya. Kuna sukari kushuka na ini kuugua. Alichukua damu. Majibu yalikuja mazuri, na hiyo kwa kifafa ni habari ya ajabu kidogo: mbwa ambaye ameanza kuanguka akiwa kati ya miezi sita na miaka sita, yuko vizuri katikati ya mianguko, na vipimo havionyeshi kitu, mara nyingi ana kifafa cha kuzaliwa nacho. Popi alikadiriwa miaka miwili na nusu. Maana yake hatapona kama malaria inavyopona. Anatunzwa tu, maisha yake yote.

Kidonge cha saa moja

Si kila mbwa aliyeanguka mara moja anaanzishiwa dawa. Madaktari wengi huanza pale mbwa anapoanguka mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, au akianguka mfululizo, au ikizidi dakika tano. Popi alifikisha mara tatu ndani ya miezi miwili. Akaandikiwa fenobabitoni.

Ni dawa ya zamani, inatumika kwa kifafa cha binadamu tangu 1912, na mkoa wetu huu una historia nayo. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawatibu kwa dawa hii watu waliokuwa wakitengwa kwa sababu majirani waliamini povu linaambukiza. Haliambukizi, la mtu wala la mbwa. (Kichaa cha mbwa ni habari nyingine, nimeshasema.) Mwaka 1992 yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa huko kwa miaka 30. Nimelitaja hilo kwa sababu mama mwenye nyumba aliposikia neno kifafa alirudi nyuma hatua mbili, na alipoambiwa kwamba Mahenge watu wametibiwa kwa kidonge hiki hiki alirudi mbele hatua moja.

Fenobabitoni inauzwa kwa cheti tu, maana iko kwenye orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa. Usiazime vidonge vya mgonjwa wa nyumbani kwenu, na usiviache mezani geto ambako kila mtu anapita. Sisi tunavifungia kwenye kopo la kahawa ndani ya sanduku la mwenzetu wa uhasibu. Bei yake? Vidonge vya mwezi mzima vilitugharimu chini ya chipsi mayai za wiki moja. Kipimo cha damu ndicho kilichotuuma.

Wiki mbili za kwanza Popi alikuwa kama mlevi. Analala, akiamka anayumba, anakunywa maji kama ngamia, anakojoa kila mahali, na njaa, jamani, aliiba mkate mzima na mfuko wake. Tulitaka kuacha. Daktari akasema subirini, mwili unazoea. Kweli, usingizi na kuyumba vilipungua. Njaa na kiu vimebaki kwa kiasi. Dawa huchukua kama wiki mbili hadi ikae kwa kiwango kimoja kwenye damu, ndipo kinapochukuliwa kipimo cha kuona kama kiwango kinatosha. Halafu damu na ini huangaliwa tena kila baada ya miezi sita hivi, kwa sababu ini ndilo linalobeba mzigo.

Lengo pia lazima mlielewe mapema, msije mkakata tamaa. Si lazima asianguke kabisa. Mbwa aliyekuwa anaanguka mara nne kwa mwezi akashuka hadi mara moja, dawa imefanya kazi. Popi sasa anaweza kumaliza miezi miwili bila kuanguka, na siku akianguka hatupigi tena kelele.

Na sasa kosa letu kubwa. Muhula wa kwanza bumu lilichelewa. Vidonge viliisha Alhamisi. Kila mmoja alidhani mwingine amenunua. Mimi nilidhani ni zamu ya wa ualimu, wa ualimu alidhani ni yangu. Ijumaa tukasema tutanunua Jumatatu, mbona ana wiki tano hajaanguka? Jumamosi usiku Popi alianguka mara tatu kati ya saa tano na saa nane. Ya tatu ilifika dakika nne. Nilikuwa nimempakata kichwa juu ya shuka langu, namsikia mwenzetu wa uhasibu anahesabu kwa sauti, dakika tatu na nusu, dakika tatu na sekunde hamsini, na sijawahi kuchukia sauti ya mtu namna ile.

Ubongo uliozoea fenobabitoni ukinyimwa ghafla hulipuka, hata kuliko ulivyokuwa kabla ya dawa. Hii si panadol ya kunywa kichwa kikiuma. Ukitaka kumwachisha, daktari hupunguza kidogo kidogo kwa muda mrefu. Usiku ule daktari alikuja, akamchoma sindano, akakaa naye mpaka alfajiri. Hakutugombeza. Aliuliza tu vidonge vya siku tatu ni shilingi ngapi, tukamtajia, akanyamaza.

Tangu siku hiyo dawa ina mwenyewe mmoja kwa kila mwezi, jina limeandikwa ukutani, na vikibaki vidonge kumi na vinne, yaani vya wiki moja, anaenda kununua hata kama ni kwa kukopa. Saa moja asubuhi na saa moja usiku. Za usiku ni rahisi kukumbuka: mwenzetu akirudi kuswali Magharibi anapita anauliza, "Kijana kameza?" Kidonge kinazungushiwa kitonge cha kiazi.

Daktari pia alituachia diazepamu ya dharura ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa, kwa bomba lisilo na sindano, kiasi kimeandikwa kwenye karatasi. Kumbukeni jambo moja kuihusu: haiwekwi tayari ndani ya bomba la plastiki ikae wiki nzima, kwa sababu hunata kwenye plastiki na nguvu inapungua. Ibaki kwenye kichupa chake cha kioo, mbali na mwanga, mpaka itakapohitajika.

Kujikuna nako

Kama angekuwa na kifafa peke yake, makala ingeishia hapa. Ila Popi anajikuna. Anatafuna miguu mpaka inakuwa myekundu, masikio yananuka kama chachu, mgongo karibu na mkia hauna manyoya. Tulidhani ni uchafu. Tukaenda duka la dawa za mifugo, muuzaji akatupa kichupa cha dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, akasema changanyeni kifuniko kimoja. Ndoo ya ukubwa gani hakusema, nasi hatukuuliza. Jioni ile Popi alitokwa mate, misuli ikawa inachezacheza, kisha akaanguka. Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi. Inawezekana ilikuwa dawa ile, inawezekana ilikuwa siku yake tu. Lakini baadhi ya dawa hizo za mifugo hushambulia mishipa ya fahamu, na mbwa mwenye kifafa ndiye wa mwisho unayetakiwa kumfanyia majaribio.

Hapa ndipo magonjwa haya mawili yanapokutana, na ndiyo sababu ya mimi kuandika. Kila ugonjwa ukiutibu peke yake unaweza kuuchokoza mwingine. Ukienda kwa mtu wa ngozi, mwambie mbwa ana kifafa kabla hujasema jina lako.

Tuanze na viroboto. Kuna zile dawa za kutafuna za viroboto na kupe, nzuri kweli, kidonge kimoja kinakaa mwezi au zaidi. Majina ya kemikali zake, ukisoma kwenye kasha, huishia na herufi l-a-n-e-r. Septemba 2018 FDA ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kundi hilo linaweza kuleta mitetemo na degedege kwa baadhi ya mbwa. Wengi hazina shida kwao. Kwa mwenye kifafa, daktari ndiye aamue, na wetu alisema kuna njia nyingine. Ivameki ya sindano, ile ya ng'ombe na mbuzi ambayo kila mtu mtaani anaijua, ikizidi kipimo inaingia kwenye ubongo. Enrofloksasini, antibayotiki ambayo wafugaji wa kuku wanainunua kama sukari, nayo inaweza kurahisisha degedege, kwa hiyo usimpe Popi wako kwa sababu kuku wa jirani walipona.

Vipi Piriton? Kwa kujikuna kwa mbwa haisaidii sana kama tunavyotaka, inaongeza usingizi juu ya usingizi wa fenobabitoni, na ikizidishwa inaweza kuleta degedege. Prednisoloni inazuia kujikuna haraka, hiyo kweli. Lakini fenobabitoni hulifanya ini liivunje prednisoloni upesi, kwa hiyo nguvu yake hupungua. Tena zote mbili huleta njaa na kiu, na zote mbili hupandisha kimeng'enya kimojawapo cha ini kwenye vipimo, hadi daktari anashindwa kujua ni ini linaugua au ni dawa tu. Inaweza kutumika kwa siku chache, kwa sababu maalumu, huku daktari akijua kila kitu. Ila isiwe mazoea, na nayo ikitumika muda mrefu haiachwi ghafla.

Sasa mtafanya nini? Mfuate mpangilio, hata kama unachosha. Kwanza wadudu. Mbwa mwenye mzio wa viroboto hujikuna kwa sababu ya mate ya kiroboto, kwa hiyo hata wachache wanatosha, na kutowaona hakumaanishi hawapo. Wengi hawako kwenye mbwa: mayai na viluwiluwi wako kwenye godoro, kwenye mikeka, kwenye vumbi la chini ya kitanda. Tulifua matandiko yake kwa maji ya moto kila Jumamosi, tukaanika juani, tukafagia kila siku na kumpaka dawa aliyotoa daktari. Hilo peke yake lilirudisha nusu ya manyoya ya mgongo. Daktari pia alikwangua ngozi aangalie kwa hadubini kama ni upele, kwa sababu upele wa mbwa unaweza kuwawasha hata nyie mnaolala naye. Masikio yalikuwa na fangasi, yakatibiwa.

Baada ya hapo ndipo ikaja zamu ya chakula. Mbwa wenye mzio wa chakula, wanaokutwa mara nyingi na hatia ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Vipimo vya damu vya mzio wa chakula havitegemewi. Njia ya kweli ni ya kizamani: mpe nyama ambayo hajawahi kula na wanga mmoja, basi, kwa wiki nane. Wengi wenye mzio huo huonyesha nafuu ndani ya muda huo. Kisha unamrudishia chakula cha zamani. Akianza kujikuna tena, mwizi umemkamata.

Kwetu hapo palikuwa na kikao kizima. Popi alikuwa amekula dagaa, vichwa vya kuku, mifupa ya supu ya ng'ombe. Hajawahi kula nini? Mtu akataja kitimoto, kukawa kimya, sufuria ni za wote. Hoja ikafa hapo hapo na hakuna aliyekasirika. Tukakubaliana mbuzi na viazi vitamu. Nyama ya mbuzi kwa mbwa, kwa pesa ya nani? Fundi wa machinjioni alituuzia mapafu na vipande vya utumbo kwa bei nafuu, tukavichemsha hadi viive kabisa. Hili la kuchemsha msilipuuze: viungo vibichi vya mbuzi na kondoo vinaweza kuwa na malengelenge ya minyoo ambayo mbwa huyapata, kisha mayai yake yakamfikia mtu.

Wiki ya tatu jirani alimtupia ubavu wa kuku wa sherehe. Tulirudi mwanzo. Wiki ya tano ya awamu ya pili tuliandika bango getini kwamba mbwa huyu asipewe chakula. Watu walicheka, lakini walitii. Mwisho wa wiki nane miguu ilikuwa na manyoya. Tukamrudishia ng'ombe, hakuna kitu. Tukamrudishia kuku, siku ya nne alikuwa anatafuna kucha. Kumbe ni kuku, vile vichwa tulivyokuwa tunamletea kama zawadi siku ya soko.

Nitaje haraka na vitu vya geto visivyomfaa mbwa yeyote, kwake vikiwa vibaya zaidi: chingamu isiyo na sukari yenye zailito, ambayo hushusha sukari ya damu ghafla; chokoleti; pombe; na mafuta ya kuchua yenye kafuri au mikaratusi, maana mbwa hulamba kila unachompaka.

Daftari

Tusingejua lolote kati ya haya bila daftari la kurasa 96 lililofungwa kwa uzi kwenye msumari wa jikoni. Tunaandika tarehe, saa ya kidonge na nani kampa, amekula nini, amejikuna kiasi gani kwa alama za sifuri hadi kumi, na akianguka, saa ngapi na kwa muda gani. Wa takwimu nilikuwa mimi, nikalikalia siku moja. Nilikuwa na imani kwamba huanguka siku ambazo amejikuna sana. Daftari lilikataa. Mianguko mingi ilifuata jioni ambazo kidonge kilichelewa kwa zaidi ya saa mbili, na jioni hizo zilikuwa Ijumaa, siku tunazotoka. Daktari alisoma kurasa zote na akasema hahitaji kuongeza dozi, anahitaji sisi turudi nyumbani mapema.

Kuna wakati rafiki yetu mmoja alishauri Popi achomwe sindano alale, kuliko mateso haya. Nilimuuliza daktari. Alisema hilo nalo ni tiba, na siku moja linaweza kuwa sahihi, mbwa akianguka mfululizo na dawa zimeshindwa. Si aibu kwa mwenye mbwa. Lakini Popi hajafika huko. Anakimbiza kuku wa mama mwenye nyumba, kuku ambao haruhusiwi kuwala.

Likizo ndefu inakuja, na tatizo la sasa ni hilo. Watatu tunaenda field, mmoja Dodoma, mmoja Iringa, mimi Kilosa. Tuliwahi kufikiria kumpeleka Popi kwetu Kilosa, daktari akasema safari na mazingira mapya vyote ni mzigo kwake, aachwe alipo kama kuna mtu. Mtu yupo. Mwenzetu wa uhasibu amepata field hapa hapa mjini, na mama mwenye nyumba amekubali kumlisha na kumpa kidonge kwa mkono wake, yeye mwenzetu atasimamia saa, kununua dawa na kuandika. Juzi tulifanya mazoezi. Mama alikanyaga kwanza mbali, akatupa kitonge, Popi akakidaka hewani, kidonge kikadondoka pembeni. Akarudia. Mara ya tatu alimshika taya, akamwekea mdomoni, akasimama kuangalia kama amemeza, halafu akageuka kuuliza, "Nimeandikwa?" Aliandikwa: saa moja na dakika tatu usiku, Mama, kameza.